Upendo na Haki: Kung'oa Mizizi ya Matatizo ya Jamii

Kila Kwaresima, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukusanya mahindi, maharage, sabuni na fedha kwa ajili ya wahitaji, na miongoni mwao mara nyingi wamo wajane. Hilo ni tendo la huruma lenye kumpendeza Mungu. Lakini mwaka unaofuata, jina la mjane yule yule linaposomwa tena, jumuiya haina budi kujiuliza: kwa nini mama huyu aliyelima maisha yake yote hana shamba?

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Utume wa Walei ya mwaka 1965 (namba 8), unafundisha kwamba kile ambacho mtu anastahili kwa haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Unataka pia viondolewe visababishi vya maovu na siyo matokeo yake tu, na anayesaidiwa awezeshwe kujitegemea hatua kwa hatua. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Sollicitudo rei socialis wa mwaka 1987, alizungumzia miundo ya dhambi: dhambi za watu binafsi hujijenga katika mila, taratibu na sheria, hata zikaonekana kuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo toba ya moyo na marekebisho ya miundo huenda pamoja.

Mitume walilitenda hilo mapema. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki waliposahaulika katika huduma ya kila siku (Mdo 6:1-6), Mitume hawakuishia kuwapelekea chakula cha siku ile. Walirekebisha utaratibu wenyewe wa ugawaji kwa kuweka watu saba wenye sifa njema. Naye Nabii Isaya (10:1-2) aliwaonya wanaotunga sheria zinazowageuza wajane kuwa mateka.

Mfano wa mjane na shamba

Nchini Tanzania, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwaweka wanawake katika daraja la mwisho la urithi, na mjane akaachwa atunzwe na watoto wake badala ya kurithi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake iliamua kwamba wajane wawili Watanzania, walionyimwa urithi kwa kufuata kanuni hizo za mila, walivunjiwa haki zao. Hapo mzizi unaonekana: marehemu hakuacha wosia, shamba halikuwa na hati, na ukoo uliona ni halali kulichukua.

Ona, Amua, Tenda

Njia hii ya Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji ilipendekezwa na Mtakatifu Yohane XXIII katika Mater et Magistra ya mwaka 1961. Kuona ni kumsikiliza mjane mwenyewe kabla ya kumpangia msaada. Kuamua ni kuipima hali yake kwa mwanga wa Injili. Kutenda kunaanza mapema: mafundisho ya ndoa yaeleze umuhimu wa wosia, mume na mke waombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yao wote wawili, na msiba unapotokea, jumuiya imsindikize mjane katika kikao cha ukoo na, ikibidi, mbele ya baraza la ardhi.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu, kwa kuwa kutoa debe la mahindi hakumkasirishi mtu yeyote, lakini kulidai shamba kunaweza kumkasirisha shemeji anayesali katika jumuiya hiyo hiyo. Naye anahitaji kuitwa kwenye toba, kwa upole na bila kificho.

Hata hivyo, debe lile lisisitishwe. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika Deus caritas est ya mwaka 2005, alifundisha kwamba hata jamii yenye haki kamili bado itahitaji upendo. Shauri la ardhi huchukua muda mrefu, na watoto wa mjane wanahitaji kula usiku wa leo.