Kiwanda Ambacho Kitui Haikukipata

Kitui imeahidiwa viwanda vingi kuliko ilivyojengewa. Makaa ya mawe ya bonde la Mui yaligawiwa wawekezaji kutoka Uchina, mkataba ukatiwa saini mwishoni mwa 2013, na mgodi haukufunguliwa. Mawe ya chokaa nayo, yanayopatikana Mutomo upande wa kusini na Ngaaie upande wa Mwingi, yana hadithi yake, na ni ndefu zaidi kwa sababu haiishii Kitui. Inapita Athi River, Kaloleni, Tanga na London. Ndani yake mna familia moja ya wafanyabiashara, mabenki kadhaa, na swali ambalo Wakenya tumezoea kulijibu nusu: tajiri akishindwa kulipa deni, nani mwingine anapaswa kuulizwa?

Familia yenyewe ni ya Paunrana. Mwaka 1974 Harjivandas Paunrana alianzisha kampuni ya Athi River Mining katika mji ambao kila msafiri wa Ukambani huupita akitoka Nairobi. Haikuanza na saruji. Ilianza na madini na kusaga chokaa. Baadaye ikaja mbolea ya Mavuno, halafu mifuko ya Rhino yenye picha ya kifaru. Mwanawe Pradeep ndiye aliyeikuza hadi ikawa jina la kitaifa. Mwaka 1997 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na hapo biashara ya nyumbani ikawa, angalau kwenye makaratasi, mali ya umma.

Makueni na Kitui saruji si kitu cha mjini peke yake. Hizi ni kaunti za mito inayopitisha maji wiki chache kwa mwaka, kisha ikabaki mchanga mtupu. Tangu zamani vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na zege unajengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki yamehifadhiwa ndani ya mchanga ambako jua halifiki. Shirika la Utooni, lililotokana na kikundi cha kujitegemea kilichoanzishwa 1978 na Joshua Mukusya na wenzake, limejipatia sifa mbali na Kenya kwa kazi hiyo. Mawe wanakikundi wanayabeba wenyewe. Mchanga upo, maji yanachotwa, nguvu ni ya mikono yao. Kitu kikubwa ambacho hakuna jembe linaloweza kukichimba mtoni ni mfuko wa saruji. Huo hununuliwa, na bei yake inaamuliwa mbali sana na Kibwezi au Ikutha.

Kwa hiyo tangazo la mapema katika miaka ya 2010, kwamba Athi River Mining, iliyokuwa sasa ikijiita ARM Cement, ilikusudia kujenga kiwanda Kitui kwa mabilioni ya shilingi, halikuwa habari ya wachumi tu. Lilihusu klinka. Saruji ni klinka iliyosagwa na kuchanganywa na jasi kidogo, na klinka yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo kwenye tanuri kubwa mpaka yakawa kokoto ngumu. Asiye na tanuri lake hununua klinka kwa mwenye nalo, au huileta kwa meli. ARM ilikuwa na tanuri Kaloleni, kaunti ya Kilifi, na malori yalipanda nayo barabara ya Mombasa kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali hadi mashine za kusaga. Tanuri likiwa Kitui, safari hiyo ingepungua sana. Kisha kungekuwa na ajira, ushuru wa kaunti, na labda barabara ya lami ambayo watu wa Kitui Kusini wameidai kizazi hadi kizazi.

Tatizo ni kwamba kabla ya Kitui ilikuwepo Tanga. ARM ilikuwa imejenga kiwanda kikubwa Tanzania kupitia kampuni yake tanzu ya Maweni Limestone, na ilikijenga kwa mikopo ya dola. Mkopo wa dola una utamu mwanzoni, kwa kuwa riba yake ni ndogo kuliko ya shilingi. Uchungu huja baadaye, unapouza saruji kwa shilingi za Tanzania ambazo kila mwaka zinanunua dola chache zaidi. Mwishoni mwa 2015 Aliko Dangote akafungua kiwanda chake Mtwara, na bei ya saruji Tanzania ikaporomoka. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku makaa ya mawe kutoka nje, na matanuri yaliyotegemea makaa hayo yakapata shida ya moto. Mwaka huohuo shirika la CDC la serikali ya Uingereza likaingiza dola milioni 140 na kupata zaidi ya asilimia 40 ya hisa. Fedha hizo zilikwenda zaidi kupunguza madeni ya zamani.

Hasara ya mwaka 2017 ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 6. Agosti 2018 benki ya UBA Kenya, ambayo si miongoni mwa benki kubwa nchini, ilichoka kusubiri na kuita wasimamizi kutoka PwC waichukue kampuni. Soko la Hisa likasimamisha biashara ya hisa zake. Hisa iliyouzwa kwa zaidi ya shilingi 80 mwaka 2014 ilikwama chini ya shilingi 6, na haikuuzwa tena sokoni. Mali za Kenya zilinunuliwa 2019 na National Cement ya Narendra Raval kwa takriban dola milioni 50. Maweni ilichukuliwa na Huaxin ya Uchina mwaka uliofuata kwa takriban dola milioni 116. Baada ya hapo wasimamizi walitoa taarifa ambayo mwenye hisa yeyote anapaswa kuisoma akiwa ameketi: mapato hayatatosha kulipa wadai wote, na wenye hisa hawana watakachobakiziwa.

Hapa ndipo mjadala wa Kenya hugeuka kuwa wa kifamilia. Mwana amemwangusha baba, watu walisema, kama walivyosema kuhusu familia ya Atul Shah pale kampuni ya maduka ya Nakumatt ilipokufa ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na kabla ya hapo kuhusu familia ya Nathoo wakati mabasi ya Akamba yalipotoweka barabarani. Ukambani hilo la Akamba liliuma kwa namna yake, maana basi lilibeba jina la watu hata kama halikuwa mali yao. Ni mazungumzo matamu. Kila mtu ana mjomba aliyerithi duka na kulila. Lakini yanamwacha mtu mmoja ajipitie pembeni bila kuguswa, naye ni aliyekopesha.

Tazama deni la mdogo linavyoshughulikiwa. Mkulima wa Kathonzweni aliyeweka hatimiliki ya shamba benki analindwa na Sheria ya Ardhi ya 2012: akikosa kulipa, hupewa notisi ya miezi 3, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, halafu dalali naye huleta yake ya siku 45. Kama nyumba ya familia ni sehemu ya dhamana, mkewe au mumewe lazima awe ameridhia tangu mwanzo. Mwalimu wa Mwingi anayekopa Sacco hukopa kwa dhamana ya walimu wenzake. Akitoroka, wao ndio wanaokatwa kwenye mshahara, na kila mmoja shuleni anajua nani alimdhamini nani. Kwenye mwethya hesabu husomwa kwa sauti kikundi kikiwa kimeketi. Kote huko aliyetoa na aliyepokea wanaonana uso kwa uso, na aliyetoa vibaya huumia na aliyepokea vibaya.

Deni la mabilioni halina kikao cha namna hiyo. Lina foleni. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaeleza nani asimame wapi: mwenye dhamana maalum anachukua mali aliyowekewa, gharama za usimamizi zinatolewa, wafanyakazi wanapata mishahara ya hadi miezi 4 isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja, na wasio na dhamana wanatengewa sehemu ndogo ya mali nyingine. Aliyeuza vipuri, aliyesafirisha klinka, aliyetoa mizigo kwa mkopo wa siku 60 husimama huku nyuma. Nyuma yake kabisa wako wenye hisa. Miongoni mwa hao, nchini kote, wako walimu na makarani walioonja soko la hisa kwa mara ya kwanza kupitia Safaricom mwaka 2008 na wakadhani kampuni zote ziko hivyo.

Sisemi benki haikuwa na haki ya kudai. Ninachotaka kuuliza ni nani aliidhinisha mkopo baada ya mkopo kwa kampuni ambayo hesabu zake zilionyesha uzito huo wa madeni, na kama kuna afisa yeyote wa mikopo aliyeulizwa jambo hili hadharani. Katika vurugu zote za miaka ile sikuona kamati ya Bunge ikimkalisha kitini mkuu wa benki kwa saa mbili kuhusu saruji.

Wenzetu wa Ireland waliliishi swali hili kwa ukali zaidi, tena nao kupitia saruji. Sean Quinn alianza 1973 kwa kuchimba kokoto kwenye shamba la familia huko Derrylin, mpakani mwa Ireland mbili, mwaka mmoja tu kabla ya mzee Paunrana kuanza Athi River. Kokoto ikawa saruji, saruji ikawa bima, hoteli na utajiri mkubwa kuliko wote nchini. Kisha akacheza kamari na bei ya hisa za Anglo Irish Bank mpaka maslahi yake yakapita robo ya benki, na hisa zilipoanguka benki yenyewe ikamkopesha zaidi ya yuro bilioni 2 za kuziba shimo. Januari 2009 serikali ikaitaifisha benki hiyo, na bili ya mlipa kodi ikafika takriban yuro bilioni 30. Quinn alitangazwa mufilisi Januari 2012 na baadaye mwaka huohuo akafungwa wiki 9 kwa kudharau amri ya mahakama kuhusu mali za familia zilizokuwa nje ya nchi.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba maelfu ya watu waliandamana Ballyconnell mwaka huo wakimuunga mkono. Walimhesabu kama mtu wao, aliyewapa kazi mahali ambapo Dublin haikuleta kitu. Upande wa pili wapo waliosema yeye na benki ni pacha wa kosa moja. Mjadala uligawanya familia na vijiji. Lakini haukuishia kwa Quinn: mwenyekiti wa zamani wa benki, Sean FitzPatrick, alishtakiwa na kuachiliwa, na Juni 2018 mkuu wa zamani, David Drumm, alihukumiwa miaka 6 kwa njama za kulaghai na kuandika hesabu za uongo. Miezi miwili baadaye ARM iliingia mikononi mwa wasimamizi. Sikumbuki gazeti letu lolote lililoweka habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Si kwamba Kenya haijui benki zinavyoanguka. Mwaka 1989 serikali iliunda Consolidated Bank kwa kukusanya mabaki ya taasisi 9 za fedha zilizoshindwa. Oktoba 2015 Benki Kuu ilifunga Imperial Bank, mwezi mmoja baada ya kifo cha mkuu wake Abdulmalek Janmohamed, na siku ileile hati fungani zake za shilingi bilioni 2, zilizoidhinishwa na wasimamizi wa masoko wiki chache tu nyuma, zilipangiwa kuanza kuuzwa sokoni. Kesi za kuwadai wakurugenzi na wenye hisa zimezunguka mahakamani miaka nenda miaka rudi. Aprili 2016 ikawa zamu ya benki ya Chase. Mwenye akiba alikuwa akilindwa kwa shilingi 100,000 tu, kiwango kilichopandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Wizi ukiwa ndani ya benki, angalau tunajua pa kuelekeza kidole. Ukopeshaji mbovu ambao si wizi ndio tunaoushindwa, kwa kuwa hauna mhalifu, una sahihi tu chini ya fomu.

Na sahihi zenyewe siku hizi si za kuaminika sana. Ukaguzi wa Kuscco, muungano ambao Sacco nyingi nchini ziliweka akiba zao, ulionyesha pengo la takriban shilingi bilioni 13, pamoja na hesabu zilizobeba sahihi ya mkaguzi ambaye alikuwa ameshafariki. Fedha hizo zilitoka kwa watu walewale wanaodhaminiana kwa majina shuleni na hospitalini.

Turudi Kitui. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mawe ya Mutomo na Ngaaie yakichimbwa, asilimia 70 ya mrabaha ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii. Hakuna kifungu kinachoitaka kampuni inayopewa leseni iwaonyeshe wenye asilimia 10 deni inalodaiwa, wala kwa sarafu gani.