Boma la Nani?

Ukipanda daladala kutoka Buhongwa kwenda mjini Mwanza, ukifika Mkolani tupa macho mlimani. Katikati ya mawe utaona kuta za matofali zisizo na bati. Muulize kondakta, atakujibu: maboma. Fundi naye husema nyumba imefikia boma. Lakini mkazi wa nyumba hiyo akitaka kuoa bila sheikh wala padri, anakwenda "bomani", yaani kwa Mkuu wa Wilaya.

Wapo wanaodai kwamba neno hili ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, eti Waingereza ndio waliolileta. Si kweli hata kidogo. Stanley alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1872, Waingereza hawajatawala bara hili la kwetu hata siku moja, akieleza ua wa miiba uliozunguka vijiji na kambi za misafara. Wafugaji hadi leo wanasema boma la ng'ombe. Simba nje, sisi na mifugo ndani.

Wajerumani walipokuja, ukuta ukawa wa mawe na wenye kukaa ndani wakabadilika. Boma likawa ngome ya askari, na familia zao mara nyingi zikaishi kijijini pembeni. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, mwananchi alidaiwa na watu wa boma. Mwezi Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Mahenge. Bombomu ziliwaua kwa wingi mno. Ulinzi ulikuwapo, ila sasa wa kumzuia mwenye nchi.

Waingereza wakarithi majengo, DC akaweka meza, na neno likahamia ofisini. Malawi nako makao ya wilaya huitwa boma. La Arusha leo ni makumbusho. La Mikindani ni hoteli, unalala kwa fedha yako.

Na sisi? Wananchi wanachanga, wanabeba mawe na mchanga, wanapandisha boma la zahanati au darasa, halafu wanaisubiri serikali iezeke. Mimi naona kusubiri huku kumekuwa kurefu mno mahali pengi. Mvua inakula kuta zilizojengwa kwa jasho la watu. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mchango wa boma jipya, muulizeni kwanza la zamani litaezekwa lini, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.