Mafuriko yakitishia: nini kiingie kwenye gari, nini kibaki nyumbani

Wasikilizaji wetu wengi wanaishi mabondeni, kandokando ya mito au chini ya milima, na msimu wa mvua kubwa unapokaribia swali linakuwa moja: tukiambiwa tuhame usiku huu, tubebe nini? Katika makala haya tunaeleza namna ya kufungasha, hasa kwa familia yenye gari dogo au inayoweza kupata gari la ndugu au jirani. Wasio na gari nao tumewawekea sehemu yao.

Mafuriko hayafanani. Aprili 2024, maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti mkoani Pwani. Mto mkubwa wa tambarare hupanda kwa saa na siku, na familia huwa na muda wa kuhamisha vitu. Mlimani mambo ni tofauti. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 walifariki. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalizikumba nyumba watu wakiwa wamelala.

Kwa hiyo tunashauri kugawa mzigo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mfuko unaokaa tayari karibu na mlango. Ukiwa na dakika chache tu, unachukua watu na mfuko huo, unaondoka. Fungu la pili ni la gari, na hilo linafungashwa tu kama muda upo.

Mfuko wa mlangoni

Tafuta begi la mgongoni, ili mikono ibaki huru kushika watoto. Ndani yake weka:

- Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, kadi ya bima ya afya na hati ya shamba au kiwanja. Vifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine.
- Dawa za kila siku za angalau wiki moja: za presha, kisukari, kifafa, pumu au ARV. Weka pia cheti cha daktari au kadi ya dawa, kwa sababu kituo kingine cha afya kitataka kujua ulikuwa unatumia nini.
- Tochi, redio ndogo na betri za akiba.
- Chaja ya simu, na pawabenki kama unayo.
- Fedha taslimu kwa noti ndogo. Umeme ukikatika na mtandao ukipotea, fedha iliyo kwenye simu haitakusaidia kulipa nauli.
- Pakiti za ORS, vidonge vya kutibu maji, sabuni, taulo za kike, na nepi kama kuna mtoto mchanga.
- Kanga au shuka moja, na filimbi. Filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka.

Nyaraka zote zipige picha kwa simu na uzitume kwa ndugu anayeishi mbali na unayemwamini. Simu yako ikiingia maji, picha zitakuwa zimesalia kwake.

Hesabu ya uzito

Kosa kubwa la kufungasha gari ni kuanza na vitu. Anza na watu. Gari dogo la viti vitano kwa kawaida limetengenezwa kubeba kama kilo 400 kwa jumla, watu wakiwamo. Kitabu cha gari kitakupa kiwango halisi.

Tuchukue familia ya baba, mama, bibi na watoto wawili. Watu wazima watatu wa kilo 65 ni kilo 195. Watoto wawili wa kilo 25 ni kilo 50. Tayari ni 245. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, nayo yatawatosha watu watano kunywa siku mbili na zaidi, kila mmoja akipata lita 3 kwa siku. Chakula, sufuria na jiko, kilo 25. Nguo, mablanketi na neti, kilo 30. Jumla imefika 340, na zimebaki kilo 60 tu.

Gunia la mahindi la kilo 100 haliingii katika hesabu hii. Tunajua ni jambo gumu kusikia, maana gunia hilo ni chakula cha miezi na jasho la msimu mzima. Lakini gari lililozidiwa huinama nyuma, hugusa chini kwenye makorongo na hukwama kwenye tope, na likikwama familia nzima imekwama. Beba madebe mawili, kama kilo 40, na mengine yapandishe darini. Kisha usisahau mbegu. Kilo 10 za mbegu ya mahindi hutosha ekari moja, na maji yakishapungua ndizo zitakazokurudisha shambani. Kama kuna jirani mjamzito au mgonjwa wa kubebwa, madebe ndiyo ya kwanza kushuka.

Namna ya kupanga

Vitu vizito, kama maji na nafaka, viwekwe chini kabisa, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma. Juu yake viwekwe vyepesi. Mizigo mizito juu ya paa hulifanya gari liyumbe na kupinduka kirahisi barabara ikiwa mbovu.

Jeki, spana ya magurudumu, kamba na koleo visifunikwe na mizigo. Mfuko wa mlangoni ukae mbele, miguuni pa abiria. Dereva aweze kuona nyuma. Insulini iwekwe mbali na jua na joto la injini, wala isigusane na barafu.

Usibebe petroli kwenye dumu ndani ya gari wanamokaa watu. Afadhali msimu wa mvua uhakikishe tangi haliko chini ya nusu. Jiko la mkaa libebwe likiwa limezimika na kupoa kabisa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu waliofunga vioo.

Kama huna gari

Bodaboda si ya kubeba mizigo na watoto watatu kwa safari moja. Wapeleke kwanza wazee, wajawazito na watoto pamoja na mtu mzima mmoja, mapema, kabla njia haijafunikwa. Wanaotembea kwa miguu wabebe mfuko wa mlangoni, dumu la lita 5 na chakula kisichohitaji kupikwa. Kila mtoto ajue jina kamili la mzazi na namba moja ya simu kwa kichwa.

Mifugo na vinavyobaki

Ng'ombe na mbuzi wahamishwe siku ya onyo, si usiku wa maji. Kama huwezi kuwaondoa, wafungulie. Mnyama aliyefungwa kamba au aliyefungiwa zizini hana pa kukimbilia. Kabla ya kutoka, zima swichi kuu ya umeme kama sakafu bado ni kavu, funga mtungi wa gesi, na mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mzee wa kijiji mnakokwenda.

Njiani

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata makubwa. Daraja likifunikwa, geuza. Gari likizimika ndani ya maji yanayopanda, msilipiganie, tokeni mwende juu.

Fuatilieni taarifa za hali ya hewa redioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Tunashauri mfuko uwe tayari kwenye angalizo, na walio mabondeni waanze kuhama kwenye tahadhari, bila kusubiri ifike kubwa. Hifadhi namba hizi: Tanzania, polisi 112 na Zimamoto 114, Kenya, 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199.

Jumapili hii, kaeni pamoja kama familia. Andaeni mfuko, pimeni mzigo, na kubalianeni mapema ni mlima gani au shule gani mtakutana endapo mtapotezana.