Jiwe Lililochongwa kama Ushahidi: Nakshi za Matumbawe katika Pwani ya Afrika Mashariki na Haja ya Orodha ya Kikanda

Ikisiri

Makala hii inachunguza nakshi na maandishi yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe kwenye pwani ya Afrika Mashariki kabla ya kuja kwa Wareno. Hoja yake kuu ni kwamba jiwe lililochongwa hutoa ushahidi wa kuaminika pale tu malighafi yake, uchongaji wake na historia ya kutumiwa kwake upya vinapochunguzwa kila kimoja peke yake. Kwa kulinganisha na kazi iliyofanyika Uingereza kuhusu mawe ya enzi ya Waanglo-Saksoni, makala inapendekeza orodha moja ya kikanda, iliyoandikwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una tarehe mbili. Maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika kibla chake yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Maandishi mengine yanataja mwaka 1184 Hijria, yaani 1770/71, msikiti ulipojengwa upya. Kati ya tarehe hizo umepita muda wa zaidi ya miaka 660. Anayetegemea kuta ataliweka jengo hili katika karne ya 18, na anayetegemea kibla ataliweka mwanzoni mwa karne ya 12.

Suala hili si la tarehe peke yake. Kwa muda mrefu, ujenzi wa mawe katika pwani ulielezwa kuwa kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, na wenyeji wakachukuliwa kuwa wapokeaji tu. Namna jiwe linavyosomwa ndiyo inayoamua nani anahesabiwa kuwa mwenye historia.

2.0 Jiwe na Mwashi

Waashi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu. Ni gumu, lina mashimo, na lilifaa kujengea kuta. La pili ni tumbawe bichi, hasa la jamii ya Porites, lililokatwa katika miamba ya baharini. Likiwa bado na unyevu ni laini na huchongeka kwa urahisi. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Kwa sababu hiyo lilitengwa kwa kazi za nakshi: vibla, fremu za milango na maandishi.

Tabia hiyo ya jiwe ina maana kwa mwanahistoria. Mwandiko wa Kizimkazi umelinganishwa na ule wa Siraf, bandari ya kale ya Ghuba, na ulinganishi huo una msingi. Hata hivyo, tumbawe ni zao la miamba ya bahari, na lilifaa kuchongwa karibu na mahali lilipokatwa. Mtindo unaonyesha mwandiko ulikojulikana. Malighafi inaonyesha karakana ilipokuwa. Kutumia ushahidi wa kwanza kujibu swali la pili ni kosa la mbinu.

Shanga, katika kisiwa cha Pate, inaimarisha hoja hii. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifichua misikiti kadhaa iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Ya awali, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Ile ya matumbawe ilifuata katika karne ya 10. Jamii iliyokuwa tayari inaswali hapo ndiyo iliyobadili vifaa vya ujenzi. Jiwe halikuja na Uislamu kama mzigo mmoja.

3.0 Funzo kutoka Uingereza

Misikiti hiyo ya Shanga inaingia katika wakati ambao Uingereza ilikuwa chini ya falme za Waanglo-Saksoni, enzi iliyokoma mwaka 1066. Huko nako mawe yaliyochongwa yalihamishwa na kuvunjwa, na vipande vingi vya misalaba vilitumiwa tena katika kuta za makanisa ya baadaye. Msalaba wa Ruthwell, uliochongwa katika eneo la ufalme wa Northumbria na ambao sasa uko Scotland, ulivunjwa katika miaka ya 1640, ukasimamishwa tena mwaka 1823, kisha ukaingizwa kanisani mwaka 1887. Unavyoonekana leo ni kazi ya karne kadhaa.

Wasomi wa Uingereza walijibu tatizo hilo kwa utaratibu. Mradi ulioanzishwa na Rosemary Cramp katika Chuo Kikuu cha Durham ulitoa juzuu yake ya kwanza mwaka 1984, na juzuu zake zimegawanywa kwa maeneo. Kila kipande hupewa vipimo, picha, aina ya jiwe na maelezo ya mahali kilipopatikana. Hata kipande kidogo kisicho na uzuri huingizwa, kwa kuwa mpaka wa mtindo fulani huonekana vipande vyote vikishawekwa pamoja.

4.0 Pengo la Kikanda

Afrika Mashariki ina hifadhi, lakini imegawanyika kwa mipaka ya nchi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Gedi mwaka 2024. Lakini maandishi ya Husuni Kubwa yanayomtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, kaburi la Gedi la mwaka 802 Hijria (1399) na kibla cha Kizimkazi ni sehemu za fani moja. Sheria tatu tofauti za mambo ya kale hazitoshi kuieleza.

Malawi inahusika pia, ingawa haina pwani. Eneo la Chongoni wilayani Dedza, kusini mwa Lilongwe, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 likiwa na sehemu 127 zenye michoro ya miambani. Humo michoro inaelezwa pamoja na desturi za Wachewa zinazoendelea, zikiwemo za unyago na Nyau. Utaratibu huo unafaa kuigwa pwani, ambako waashi na watunza misikiti bado wana maarifa ambayo jiwe peke yake halisemi.

Lugha ya kazi hiyo ipo. Mwaka 2019 SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Orodha ya Kiswahili ingesomwa na mwashi wa Lamu, na vilevile na mwalimu wa Kikongo aliyeko Dzaleka, wilayani Dowa, au mitaani Biwi.

5.0 Hitimisho

Makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jiwe lirekodiwe kwa malighafi, uchongaji na matumizi yake ya baadaye, bila kuchanganya vipengele hivyo. Pili, marekodi yafanyike kabla ya ukarabati wowote, kwa kuwa kibla kikishapakwa chokaa mpya, alama za patasi hufichika. Tatu, istilahi zichukuliwe kwanza kwa waashi wenyewe. Ukarabati wa 1770/71 uliiacha tarehe ya 1107 ikisomeka. Ukarabati wa sasa haupaswi kufanya pungufu ya hapo.