Modemu ya sauti

modemu *nm* [i-/zi-] Kifaa kinachounganisha kompyuta na mtandao wa simu. *Modemu ya sauti* ni ile inayoweza kupitisha mazungumzo, si data pekee.

Matumizi. Neno hili limehama maana, na hapo ndipo wafasiri hukwama. Katika miongozo ya miaka ya 1990, modemu ni kisanduku au kadi iliyoungwa kwenye waya wa simu ya mezani. Dukani Songea leo, anayeulizia modemu hupewa kifaa kidogo cha USB chenye nafasi ya laini ya simu ya mkononi.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Asterisk, programu huria ya kuendeshea mitambo ya simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, huwasiliana na vifaa hivyo kwa njia mbalimbali. Simu ya mezani, yenye msimbo 025 kwa Ruvuma, huhitaji kadi maalumu au adapta. Modemu ya USB huhitaji kiendeshi kiitwacho chan_dongle, kilichoundwa kwa ajili ya baadhi ya modemu za Huawei na kisichokuwamo ndani ya Asterisk yenyewe. Hata hivyo, ni lazima modemu iwe na uwezo wa sauti uliofunguliwa. Nyingi huuzwa kwa intaneti tu. Tena modemu moja hubeba simu moja kwa wakati mmoja. Mwongozo unaosema «chomeka modemu» bila kufafanua unaweza kumgharimu msomaji fedha kwa kifaa bubu. (*Bubu* hapa lafaa kuliko *isiyo na sauti*, ambalo huweza kudhaniwa kuwa ni hitilafu ya spika.)

Mifano. *Modemu hii ni ya data tu, haipitishi sauti. Simu za ofisi ya Songea huingia kupitia modemu mbili.*

Tahadhari. *Huria* si *bure*. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umeachwa wazi kusomwa na kubadilishwa. *Bure* husemea bei. Anayeandika «simu za bure kwa Asterisk» amekosea mara mbili, kwani dakika zinazopita kwenye laini ya simu ya mkononi bado hulipiwa.

*Laini* nalo lina utata: ni waya wa simu, na pia ni kadi ya simu. Penye vyote viwili, andika *waya wa simu* na *kadi ya simu*.