Oymyakon: Wilaya ya baridi kuu inayozidi kuhamwa

WILAYA ya Oymyakon imo mashariki mwa Jamhuri ya Sakha, ambayo pia huitwa Yakutia, kaskazini mashariki mwa Urusi. Ukubwa wake ni takriban kilomita 92,000 za mraba, karibu sawa na nchi nzima ya Ureno. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2010 ilihesabu humo watu 10,109 pekee. Lau ardhi hiyo ingegawanywa sawasawa, kila mkazi angejipatia kilomita tisa za mraba.

Wengi wanaposikia takwimu hizo hudhani kwamba baridi ndiyo iliyowafukuza watu. Sivyo. Mwaka 1989, baridi ikiwa ile ile, wilaya hiyo ilikuwa na wakazi wapatao 31,000.

Eneo lenyewe ni la milima na mabonde. Safu ya milima ya Chersky imepita humo, na ndimo unamoanzia mto Indigirka, ambao husafiri kilomita 1,726 kuelekea kaskazini hadi Bahari ya Siberia ya Mashariki. Makao makuu ya wilaya ni mji mdogo wa Ust-Nera, uliopo mahali mto Nera unapomwaga maji yake katika Indigirka. Neno "ust" kwa Kirusi ni mlango wa mto.

Kijiji cha Oymyakon, ambacho wilaya imepewa jina lake, kiko bondeni, kiasi cha mita 750 juu ya usawa wa bahari. Hewa baridi ni nzito kuliko ya vuguvugu, hivyo wakati wa majira ya baridi huteremka kutoka milimani ikatuama bondeni kama maji kwenye beseni. Wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 46 za selsiasi chini ya sifuri. Mnamo Februari 6, 1933, kituo cha hali ya hewa kilipima nyuzi 67.7 chini ya sifuri. Zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri, na kwa hivyo vipimajoto vya huko hutumia spiriti.

Upo mnara unaotaja nyuzi 71.2 chini ya sifuri, na watalii hupenda kupigwa picha kando yake. Kiwango hicho kilitokana na makadirio, hakikusomwa kwenye kipimajoto, na hakifai kuhesabiwa kuwa rekodi. Mji wa Verkhoyansk, ulio katika wilaya nyingine ya jamhuri hiyo hiyo, nao hudai kuwa ndio wenye baridi kuliko kote, na mabishano hayo hayajaisha. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mwezi Julai joto la Oymyakon huweza kuzidi nyuzi 30.

Chini ya udongo kuna ardhi iliyoganda daima. Nyumba nyingi za Ust-Nera zimejengwa juu ya nguzo, kwa kuwa joto lake lingeyeyusha barafu iliyo chini na jengo lizame. Vijijini vyoo huwa nje, maana mabomba ya maji hupasuka kwa baridi. Anapofariki mtu, sharti moto uwashwe ili udongo ulainike ndipo kaburi lichimbwe.

Kabla ya karne ya 20 waliokaa humo walikuwa hasa Wasakha, wafugaji wa farasi na ng'ombe, na Waeveni wanaofuga kulungu wa kaskazini. Farasi wa Kisakha ni wafupi na wenye manyoya mazito. Hulala nje majira yote na kufukua theluji kwa kwato ili wapate nyasi.

Dhahabu ndiyo iliyobadilisha hesabu ya watu. Wilaya iliundwa mwaka 1931, na Ust-Nera ilianzishwa mwaka 1937. Shirika la serikali lililoitwa Dalstroi lilichimba madini kwa kutumia wafungwa, na ni wafungwa hao waliojenga barabara ya kutoka Magadan kuelekea Yakutsk. Walikufa wengi mno kiasi kwamba hadi leo huitwa Barabara ya Mifupa. Baada ya kambi kufungwa katika miaka ya 1950, serikali ya Kisovieti iliwavuta wafanyakazi kwa mishahara minono na marupurupu ya kaskazini.

Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, ruzuku zilikatika, na waliokuja kwa ajili ya mshahara wakafunga virago. Sensa ya 2002 iliwakuta wakazi wasiotimia 15,000. Ust-Nera, iliyokuwa na watu zaidi ya 12,000 mwaka 1989, ilibaki na 6,463 mwaka 2010. Vijiji vya wachimbaji vilipata pigo kubwa zaidi, na baadhi vimefutwa kabisa katika orodha za serikali. Idadi ya wakazi wa wilaya imeendelea kushuka tangu sensa hiyo.

Katika vijiji vya wafugaji kama Tomtor na Oymyakon hali ni tofauti. Huko watu ni wachache, Oymyakon ikiwa na 462 tu mwaka 2010, lakini hawakuletwa na migodi na hawakuondoka nayo.

Dhahabu bado inachimbwa, pamoja na antimoni ya Sarylakh, karibu na Ust-Nera. Kazi ya kuosha dhahabu hufanyika maji yanapokuwa hayajaganda, na wengi wa vibarua wake hutoka mbali, wakamaliza msimu na kurejea kwao kabla ya theluji.