Mwenyeji Ni Maji: Historia ya Mji wa Bath

Mwanzoni mwa Januari katika mji wa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, jua huchomoza saa 2 asubuhi imeshapita na huzama saa 11 jioni haijafika. Kuta za mawe ya rangi ya asali hulowa, na watu hupita wamejikunyata ndani ya makoti. Lakini katikati ya mji, hatua chache kutoka kanisa la Bath Abbey, mvuke hupanda kutoka chini ya ardhi. Wageni wanaoshuka kwenye treni ya London Ijumaa jioni, baada ya safari ya saa moja na nusu hivi, wamekuja kwa ajili ya mvuke huo. Wanataka siku mbili za kulegeza viungo kabla ya Jumatatu. Askari wa Kirumi aliyekuwa na baridi mifupani alifika hapa na haja hiyohiyo. Tangu wakati wake, kila zama imejiita mwenye mji, na kila mara mwenyeji amebaki kuwa maji.

Msomaji anayeyajua maji moto ya Ziwa Bogoria, kule Bonde la Ufa nchini Kenya, huenda akatafuta volkano. Bath haina. Joto lake linatokana na kina. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Mendip hupenya taratibu katika mawe ya chokaa hadi zaidi ya kilomita 2 chini, hupashwa na joto la ardhi, kisha husukumwa juu kupitia ufa wa mwamba. Maji yanayotoka leo yalikuwa mvua maelfu ya miaka iliyopita. Chemchemi ziko tatu, na iliyo kubwa, ya Mfalme, hutoa zaidi ya lita milioni 1 kila siku, kwa nyuzijoto zipatazo 46, kiangazi na kipupwe.

Wenyeji wa kale walimwona mungu wa kike katika maji hayo, wakamwita Sulis. Ngano ya baadaye inamtaja Bladud, mwana wa mfalme aliyefukuzwa nyumbani kwa ukoma akawa mchunga nguruwe. Aliwaona nguruwe wake wakigaagaa katika tope la moto na kupona ngozi, akawafuata, naye akapona.

Warumi walipoitwaa nchi hawakumfukuza Sulis. Walimuunganisha na Minerva wao, na kufikia miaka ya 70 baada ya Kristo walikuwa wamemjengea hekalu. Mji wakauita Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis. Mafundi wao walikita nguzo za mwaloni katika tope, wakaizungushia chemchemi ukuta wa mawe na kuutandika risasi kwa ndani. Birika Kuu, lenye kina cha mita 1.6, walilitandika mabamba 45 ya risasi, na mabamba hayo yangali yanashika maji.

Waogaji waliacha nguo zao kando, na wezi hawakukosekana. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata katika chemchemi vibao vipatavyo 130 vya risasi, vingi vikiwa na maapizo dhidi ya wezi. Mtu mmoja, Docilianus, aliibiwa joho lenye kofia. Alimwomba mungu amnyime mwizi usingizi na watoto. Msomaji wa pwani yetu, aliyewahi kusikia mtu akitishia kusoma Albadiri kwa sababu ya mali iliyoibwa, ataielewa hasira hiyo bila mkalimani. Na ataelewa zaidi akikumbuka kwamba katika nchi ile kupoteza joho ni kukabidhiwa kwa baridi.

Utawala wa Roma ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 5, mapaa yaliporomoka na tope likafunika sakafu. Maji hayakukoma. Mwaka 973 Mfalme Edgar alitawazwa hapa, na katika karne ya 12 Birika la Mfalme likajengwa juu ya kazi ya Warumi. Wagonjwa wa baridi yabisi na waliopooza waliketi humo maji yakiwafika shingoni.

Fahari ilikuja na karne ya 18. Malkia Anne alizuru mwaka 1702, na matajiri wakafuata. Msimu wao ulikuwa miezi ya baridi, walipoacha mashamba yao yenye matope na kuja kunywa maji asubuhi na kucheza dansi usiku. Richard Nash, maarufu kama Beau Nash, alisimamia adabu za mji: alikataza panga kwenye mikusanyiko, na dansi zilikoma saa 5 usiku kamili. Ralph Allen alichimba mawe, John Wood na mwanawe wakachora mitaa. Kati ya 1767 na 1775 ulijengwa Royal Crescent, safu ya nyumba 30 iliyopinda kama mwezi mwandamo. Mji uliokuwa na watu wapatao elfu mbili au tatu mwaka 1700 ulikuwa na zaidi ya 30,000 miaka mia moja baadaye.

Uzuri huo una deni. Sehemu ya fedha iliyolipia nyumba na dansi ilitoka katika mashamba ya miwa ya Karibi, yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. William Beckford, mrithi wa mali ya sukari ya Jamaica, alijenga mnara wake juu ya mji mwaka 1827. Katika mji huohuo William Wilberforce, mpinga biashara ya watumwa, alikuja kutibiwa kwa maji, na akaoa mwaka 1797.

Septemba 1864 Bath ilikutana na habari za kwetu. Wanasayansi wa Uingereza walikusanyika hapa, na tarehe 16 wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke walitarajiwa kubishana kuhusu chanzo cha Nile. Speke alisema ni ziwa aliloliona Agosti 1858 alipofika Mwanza. Burton alikataa. Mjadala haukufanyika, kwa kuwa siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda karibu na mji. Siku chache baadaye mmisionari David Livingstone alizungumza palepale juu ya biashara ya watumwa Afrika. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na aliyesafiri na Speke hadi Mwanza, hakuwemo ukumbini. Wala hawakuwemo Wasukuma, Wahaya na Waganda, waliokuwa wakinywa maji ya ziwa lile vizazi na vizazi. Mwaka 1936 mji ulimpokea Mwafrika wa hadhi nyingine. Mfalme Haile Selassie, aliyefukuzwa Ethiopia na majeshi ya Mussolini, aliishi katika nyumba ya Fairfield hadi 1940, kisha akaitoa kwa mji itumiwe na wazee.

Mwishoni mwa karne ya 19 Birika Kuu lilifukuliwa chini ya nyumba za watu. Lakini mwaka 1978 msichana mmoja aliyeogelea katika maji ya chemchemi alikufa kwa maambukizi ya ameba, na mabirika yakafungwa. Ilibidi visima vipya vichimbwe hadi penye maji safi. Waogaji walirudi mwaka 2006, katika jengo la kisasa. Mwaka 2021 UNESCO iliuorodhesha mji huu pamoja na miji mingine kumi ya maji ya tiba barani Ulaya.

Ukiyavulia maji nguo, yaoge, na usemi huo haujapata mahali pake kama bwawa lililo juu ya paa la jengo hilo Jumamosi jioni ya Januari. Hatua nne za baridi kali, kisha mwili unazama katika joto na masikio yanabaki na kipupwe. Ng'ambo unauona mnara wa Abbey, na watu wasiojuana wamenyamaza ndani ya mvuke. Chini yao, kule kwenye birika la kale, maji ya ziada yanapita katika mfereji uliojengwa na Warumi na kuingia mto Avon. Jumatatu wageni watakuwa wameondoka. Mvua iliyonyesha kabla ya Roma kuwa mji itakuwa bado inapanda.